Fungu la Pacha

Sahani iligeuka njano.

Na sio ile njano ya kuzugia, ya chai iliyopita kwenye majani yaleyale mara ya pili. Hapana bwana. Njano ya koti la mvua. Njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Nyemo Chihimba akaisogeza dirishani, akaiinamisha, akaifuta kwa chini na kitambaa akidhani labda ni uchafu tu, halafu akasema peke yake, "We, acha mchezo."

Sahani haikuacha mchezo.

Akaiingiza kwenye mashine ya kusomea. Mashine ikavuma, ikatema majibu. Panya wa kitalu cha Uwele, shwari. Panya wa kitalu cha Karanga, shwari. Panya wa kitalu cha Zabibu, mmoja baada ya mwenzake, wote juu ya mstari mwekundu. Na aliyewazidi wote, yule aliyepaa kama kishada, alikuwa panya anaitwa Makofia.

"Kihwele," akaita. "Njoo uone."

Kihwele alikuwa upande wa pili wa maabara anasafisha pipeti huku anaimbia puani. Yeye Mhehe, Nyemo Mgogo, kwa hiyo tangu siku ya kwanza kazini walikuwa watani na hakuna aliyewahi kumjibu mwenzake kistaarabu.

"Mgogo akikuita asubuhi hivi, ujue anataka kukuomba kitu," akajibu bila kugeuka. "Sina."

"Njoo, Kihwele."

Kuna namna ya kuita jina la mtu ambayo utani wenyewe unakaa pembeni bila kuambiwa. Kihwele akaweka pipeti chini, akaja, akaangalia. Akaangalia tena.

"Zabibu," akasema. "Si ndio kitalu cha mzee?"

Nyemo akaitikia kwa kichwa. Ndicho. Na Makofia ndiye pacha wa baba yake mzazi.

*

Sasa, ili umwelewe Nyemo kwa nini jina la kitalu hicho lilimtisha, ungetakiwa kwanza uonje maji ya Magadini. Yaani usinywe, uonje tu. Ncha ya ulimi. Ungetema, ungeomba pipi, ungeuliza watu wanaishije huku.

Wanaishi kwa figo ya tatu. Mito ya huko ilishakauka kabla Nyemo hajazaliwa, visima vimebaki na maji ya chumvi tupu, na watu walikuwa wameanza kufunga virago kuhama. Ndipo wataalamu wakaja na ule ujanja wao. Wanaotesha kipande cha figo kwenye kitalu, kwenye beseni la kioo, kama mtu anavyootesha miche. Kikikomaa wanakupasua ubavuni, wanakipandikiza, kesho yake unakunywa maji ya kisima kama ng'ombe na hudhuriki. Kitalu kimoja kinatoa figo za mtaa mzima. Ndiyo maana Magadini mtu akikuuliza wewe wa wapi, humtajii mtaa, unamtajia kitalu. Mimi Uwele. Mimi Karanga. Mzee Ndahani Chihimba na majirani zake wote, Zabibu.

Lakini figo ya kuotesha si ya Mungu. Inaweza kuoza ndani na wewe unacheka tu, hujui. Ndipo panya wakaingia. Kila mtu anayepandikizwa, makombo ya figo yake hiyohiyo anapandikizwa panya, na panya analishwa maji ya kisima hichohicho. Panya anaishi mbio. Anazaliwa, anazeeka, anakata roho, wewe hujamaliza hata kidato. Kwa hiyo litakaloipata figo yako mwakani, yeye linampata leo. Anakutangulia njiani, anakupigia honi.

Wanamwita pacha. Watu wanawapa majina, wanakuja Jumamosi kuwasalimia kwenye chumba chenye vizimba vya kioo, wanaingiza mkono kwenye kidirisha wanawapapasa. Mzee Chihimba alimwita wake Makofia kwa sababu alikuwa mweupe mwili mzima ila utosini ana doa jeusi, kama kavaa kofia ya kuendea sherehe.

Na Nyemo kazi yake ilikuwa kusikiliza honi. Figo ikiumia inamwaga protini fulani kwenye damu. Jina lake la kitabuni ni refu, mate yanakukauka kabla hujalimaliza, kwa hiyo maabara nzima wanaiita kilio. Kila Ijumaa anachoma mkia wa panya, anachukua tone la damu, analipeleka kwenye sahani yenye vishimo. Chini ya kila kishimo wamebandika kingamwili, na kingamwili hizo zimetoka kwa mbuzi. Wewe zichukulie kama mikono imekaa chini inasubiri. Kilio kikipita, mikono inakidaka. Unaosha, kila kisichodakwa kinakwenda na maji. Halafu unamwaga mikono mingine, nayo ya mbuzi, ila hii imebeba rangi. Inakidaka kilio kwa juu. Kilio kikibanwa chini na juu kama nyama kwenye mkate, rangi inabaki. Kilio kingi, njano kali. Hakuna kilio, maji meupe. Basi.

Na ukutani, karibu na mlango, kuna kengele. Sheria ya Magadini ni fupi: kitalu kikivuka mstari, kengele ipigwe kabla jua la siku hiyo halijazama. Ikishapigwa haina breki. Madaktari wa upasuaji wanashuka kutoka mjini, wanatoa figo za kitalu kile, zote isipokuwa ya mwenye pacha mzima, na wanaanza na wazee, kwa sababu mzee ndiye anayezidiwa kwanza.

Mzee Chihimba alipopandikizwa, moyo ulimsimama mezani wakaurudisha kwa shida. Daktari alimwambia Nyemo pembeni, taratibu, kama anamwambia siri ya harusi: "Huyu mzee asiguswe tena na kisu, mama. Kisu kingine ni kaburi."

Umeona sasa? Akipiga kengele, baba anakufa mezani. Asipopiga na kilio kikawa cha kweli, baba anakufa kitandani, yeye na mtaa mzima.

*

"Piga," Kihwele akasema.

"Subiri."

"Nyemo, piga kengele."

"Nimesema subiri! Hivi huoni? Kitalu kizima kwa wiki moja? Ijumaa iliyopita walikuwa wote chini ya mstari. Figo haiozi hivyo, kama nyanya."

"Wiki iliyopita walikuwa wamepanda kidogo, tukasema ni joto." Kihwele sauti ilikuwa imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko angepiga kelele. "Unamjua dada yangu Vumilia?"

Nyemo hakumjua. Hakuna aliyemjua. Kihwele hakuwahi kumtaja.

"Alikuwa kwenye mji mwingine wa figo, mbali huko. Waliona njano kama hii. Wakasema wasubiri, warudie kipimo, labda sahani mbovu. Wakarudia, wakarudia tena. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri." Akavuta pumzi. "Nilimzika nikiwa na hizo sababu zao nzuri mfukoni."

Ukutani kengele inawaangalia.

Kihwele akatoka kwenda kumwita Dakta Kemilembe, mkuu wa maabara. Nyemo akabaki peke yake na kile kisanduku cha mirija ya damu. Hapo ndipo shetani alipopata kiti akakaa. Maana mirija yote ilifanana. Kofia nyeupe, kitone kidogo cha damu. Ukichukua wa Makofia ukauweka kwenye nafasi ya panya wa Uwele, na wa Uwele ukauweka pale, nani atajua? Sio wote. Mmoja tu. Kitalu kitapasuliwa, ila baba ataandikiwa pacha wake mzima, ataachwa. Mkono wake ulikuwa umeshanyanyuka. Wallahi ulikuwa umenyanyuka wenyewe.

Akaurudisha, akaukalia kama mtoto anayezuiwa kunyonya kidole, mpaka mlango ukafunguliwa.

"Dakta," akasema kabla mama wa watu hajavuta hata kiti, "nitolee hiki kisanduku mbele yangu. Baba yangu yumo. Nimeshaanza kufikiria ujinga."

Dakta Kemilembe alikuwa mwanamke mrefu wa Kihaya, anavaa miwani kwenye kamba na hana haraka ya kitu chochote duniani. Akaangalia majibu. Akaangalia sahani. Akamwangalia Nyemo kwa muda.

"Unadhani kipimo kimedanganya?"

"Ndio."

"Kwa nini?"

"Kimepanda haraka mno. Na panya nimewaona asubuhi, wanacheza, wanakunywa, wanakojoa vizuri. Makofia kaning'ata."

"Haya. Na angekuwa baba wa mtu mwingine, ungesubiri?"

Swali hilo lilimfika Nyemo hadi kwenye mfupa.

"Sijui, Dakta. Mungu anajua, mimi sijui."

"Hilo ndilo jibu la kwanza leo ninaloliamini," Dakta akasema. Akavua miwani. "Sikilizeni. Sheria imetupa mpaka jua lizame, na sheria haikukosea. Tutarudia. Kihwele, changanya mirija ya Zabibu na ya wengine, bandika alama zako mwenyewe, Nyemo asijue ipi ya nani. Yeye apime, wewe ufunue. Na kila damu ipimwe mara mbili: nzima, na iliyopunguzwa nusu kwa maji."

"Na wananchi?" Kihwele akauliza. "Wakati sisi tunarudia, wao wanakunywa sumu?"

"Wananchi wanaambiwa ukweli. Zabibu wote, leo maji ya kisima marufuku, wafunguliwe tangi la akiba. Na waambiwe kwa nini."

"Watakuja hapa wote, Dakta."

"Si waje? Ni figo zao."

Akageuka kwa Nyemo. "Jua likigusa kile kilima na bado hatuna jibu, kengele nani anapiga?"

Nyemo akakitazama kilima dirishani.

"Mimi," akasema. "Nitapiga mimi."

*

Walikuja. Kabla hata sahani ya pili haijaoshwa, getini kulishajaa akina mama na ndoo zao, vijana, wazee na fimbo, wote wanataka kujua pacha wao anaumwa nini. Mlinzi akawaruhusu wakae chumba cha salamu, maana angewazuia vipi.

Ndani, Nyemo alikuwa anatia matone, anaosha, anatia tena. Alama za Kihwele zilikuwa ni rangi za kucha, alikopa chupa kwa msichana wa mapokezi, kila mrija kaupaka rangi anayoijua yeye. Nyemo hakujua ipi ni ya Makofia. Ilimsaidia ajabu. Mkono ulitulia.

Majibu yakatoka. Kihwele akasoma rangi zake, akasonya.

"Zabibu tena. Wote juu. Pole, dada."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada bila kebehi, na Nyemo akaona bora angemtukana.

Lakini Dakta alikuwa bado ameinamia karatasi. "Hebu njooni. Angalieni hizi zilizopunguzwa nusu."

Ni kitu cha jikoni kabisa hiki. Ukiongeza maji kwenye juisi, utamu unapungua sawa na maji uliyotia. Ukitia nusu, unabaki na nusu. Kilio cha kweli ndivyo kinavyokwenda. Sasa hawa wa Zabibu, ukiwapunguza nusu, mmoja hakushuka kabisa, kang'ang'ania palepale. Mwingine alishuka kama katupwa shimoni. Makofia yeye ndio kwanza alipanda.

"Unaongeza maji, juisi inazidi utamu?" Kihwele akakuna kichwa. "Hii juisi gani?"

"Sio juisi," Nyemo akasema. "Dakta, hiki si kilio. Kuna kitu kingine kinakaa kwenye nafasi yake. Kinashika mikono ya chini na ya juu, inaonekana kama imebeba kitu, kumbe haijabeba. Kama watu wanaobeba jeneza tupu."

"Kitu gani?"

"Ndio sijui."

"Basi hatujapona," Dakta akasema. "Tunajua kuna mwongo, ila hatujui kama nyuma yake hakuna mkweli. Vyote viwili vinaweza kuwemo. Kwa sheria, bado tumevuka mstari."

Nje, kivuli cha tangi kilishavuka barabara. Kilima kinalisubiri jua lake.

Nyemo akasema anatoka dakika moja, amwone baba. Hakusema kuaga, lakini alichotaka ndicho hicho.

*

Mzee Ndahani Chihimba alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya kizimba cha Makofia, kofia yake gotini, kibuyu kidogo kati ya miguu, anakoroga ndani yake na kijiti. Koroga, koroga, kama hana habari na dunia.

"Baba."

"Ee, mama. Nasikia mwenzangu anaumwa."

"Tunaangalia bado."

"Mimi namwona mzima. Ila nyie ndio wasomi." Akaendelea kukoroga. "Maji mliyotupa leo nimeyanywa. Hayana ladha. Kama kunywa upepo."

Nyemo akacheka, na kile kicheko kikatoka na machozi, akageukia pembeni. Alikuwa ameshapanga maneno. Baba, jua likizama nitapiga kengele. Baba, unisamehe. Akajikohoza.

"Baba, kuna jambo..."

"Ngoja kwanza nimalize hii isigande." Mzee akachomoa kijiti. Kimejaa nyuzinyuzi nyekundu. Akazipangusa kwenye kitambaa, akainamisha kibuyu, akatia vidole, akavipeleka kwenye kidirisha cha Makofia.

Panya akaja mbio. Akavilamba vidole vile kama mtoto na asali.

"Baba. Hiyo ni nini?"

"Fungu lake."

"Fungu gani?"

Mzee akamwangalia kwa huruma, kana kwamba shule zimemharibu. "Mbuzi tumemtoboa shingo sasa hivi hapo nje, mama, tukakinga damu. Mtu akiumwa anapewa nini? Damu. Huyu si pacha wangu? Tangu ile sherehe ya juzijuzi ya jando la wajukuu, kila tukichinja au tukitoboa, fungu la pacha linatoka. Mtaa mzima tulikubaliana. Haiwezekani sisi tunakula yeye anatafuna vile vipunje vyenu vikavu, kama mfungwa!"

"Na ndugu wengine? Majirani?"

"Wote. Muulize mama Chidawali. Yeye analeta hadi maini." Kisha mzee akachovya tena kidole, akamvuta Makofia mkia taratibu, akampaka pale penye kidonda cha sindano. "Na kinachobaki nampaka hapa mnapomchomachoma. Panapoa haraka."

Nyemo akakikodolea macho kibuyu. Mbuzi. Damu mbichi ya mbuzi, kila Jumamosi, kwenye kidonda kibichi. Ungetaka kumfundisha mwili wa panya kumchukia mbuzi, ungefanya nini kingine? Ndio chanjo yenyewe hiyo! Mwili wa Makofia ulishatengeneza kingamwili zake dhidi ya kila kitu cha mbuzi, halafu wao wanaichukua damu yake wanaimwaga kwenye sahani iliyojaa mikono ya mbuzi, chini na juu. Kwa nini zisishike? Zimeshika zote mbili! Na kilio katikati hakuna.

Au labda kipo. Alisema Dakta: vyote viwili vinaweza kuwemo.

"Baba, nipe hicho kibuyu."

"Cha Makofia?"

"Nipe, baba, nakuomba, nitakurudishia!"

"We mtoto, hiyo ni ya mgonjwa!"

Lakini alikuwa ameshakipakata, anakimbia nacho koridoni, viatu vinapiga kelele, mama Chidawali nyuma anauliza kwa sauti kubwa kama mtoto wa mzee Chihimba ameanza kunywa damu.

*

"Mbuzi!" akasema akiingia. "Ni mbuzi, Dakta!"

Kihwele akaangalia kibuyu, akamwangalia Nyemo, na kwa sababu mtani ni mtani hata siku ya kiama, akasema, "Mgogo na mbuzi. Hata kwenye msiba haachi."

Alivyowaeleza, Dakta Kemilembe akakaa chini. Halafu akasimama tena papo hapo.

"Dawa yake unaijua?"

"Seramu ya mbuzi, yale maji yanayobaki juu damu ikilala. Tunazipa zinachokitafuta kwanza, zishibe. Zile kingamwili za panya zikishakumbatiana na mbuzi wa kwenye maji, hazitakuwa na mkono wa kushika mbuzi wa kwenye sahani."

"Tunayo kwenye friji?"

"Hamna hata tone," Kihwele akasema. "Nchi nzima mbuzi, friji haina mbuzi."

Nyemo akanyanyua kibuyu juu.

Kumbe mzee kwa kukoroga kwake alishawafanyia nusu ya kazi. Nyuzi za kugandisha zimebaki kwenye kijiti. Wakaimimina damu kwenye mirija, wakaizungusha kwenye mashine mpaka wekundu ukalala chini na juu kukabaki maji ya rangi ya chai nyepesi. Hilo ndilo fungu la Makofia lenyewe. Wakalichanganya na kila damu ya Zabibu. Na kwenye damu za panya wawili wenye figo mbovu kweli, walizozihifadhi za zamani, wakatia pia. Kama kilio ni cha kweli, mbuzi asingekigusa. Hao wawili lazima wabaki njano. Ndio mashahidi.

Kihwele akapaka rangi zake za kucha upya. "Sijamwamini mtu bado," akasema, "hata mimi mwenyewe."

Kusubiri sahani iive ni kitu kibaya. Nyemo hakukaa. Alisimama mlangoni, bega limegusa ukuta uleule wa kengele, anaangalia kilima. Jua lilikuwa limeshuka, limevimba, jekundu. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya kitufe. Hakubonyeza. Aliuweka tu, ili ukifika wakati usiwe na safari ndefu.

"Natia rangi," Dakta akasema.

Jua likagusa kilima.

"Nyemo," Kihwele akaita.

"Niambie nibonyeze au nisibonyeze. Sitaki hadithi."

"Njoo uone."

"Kihwele!"

"Meupe, we Mgogo! Meupe! Njoo uone meupe!"

Aliacha ukuta, akafika mezani bila kujua amefikaje. Vishimo viwili njano, mashahidi, wanawaka kama taa. Vingine vyote maji. Maji matupu, ungedhani hakuna mtu aliyewahi kutia kitu mle. Mashine ikasema vilevile, nzima na iliyopunguzwa nusu, sawasawa, juisi imekuwa juisi. Kihwele akafunua rangi zake moja moja, Zabibu, Zabibu, Zabibu, na alipofika kwa Makofia sauti ikamkatika, akageuka akaegemea sinki akalia. Alilia kilio cha miaka. Nyemo akamshika mgongo, na wote watatu walijua analiliwa nani.

*

Giza lilikuwa linaingia taratibu walipotoka kuwaambia watu. Vigelegele vilivyopigwa pale, panya walijificha. Mama Chidawali alicheza na ndoo kichwani. Kisha Dakta akapanda kwenye benchi akawapiga marufuku damu, maini, maziwa na kila cha mbuzi kwa pacha, na hapo vigelegele vikageuka kuwa mjadala.

Mzee Chihimba hakuingia kwenye mjadala. Alikuwa amekaa palepale na kibuyu chake kitupu alichorudishiwa.

"Kwa hiyo mimi ndiye mchawi," akasema.

"Ni mapenzi tu, baba. Yalizidi."

"Na fungu lake sasa?"

"Vipunje vikavu."

"Maskini." Akamwangalia Makofia. Halafu, bila kumwangalia binti yake: "Yule kijana Mhehe kaniambia mkono wako ulikuwa kwenye kengele."

Nyemo akakaa karibu naye. "Ulikuwepo, baba."

"Na kisu changu unakijua."

"Nakijua."

"Ungepiga?"

Angeweza kudanganya. Hali ilikuwa nzuri, uongo mdogo ungepita tu, kama sukari.

"Ningepiga, baba."

Mzee akageuza kofia yake gotini, akaigeuza tena.

"Vizuri," mzee akasema mwishowe. "Maana kama usingeipiga kwa kunihurumia, basi kila siku ninayoamka kengele haijalia, ningejuaje ni kwa sababu mimi mzima, au ni kwa sababu mwanangu ananipenda?" Akavaa kofia. "Leo nitalala. Twende."

Akasimama kwa kujishika bega la binti yake. Pale getini kuna bomba la kisima, wamelifungia kamba nyekundu tangu asubuhi. Mzee akamwangalia Nyemo kama mtoto anayeomba ruhusa. Nyemo akaivuta kamba, ikadondoka.

Mzee Chihimba akainama, akakinga viganja, akanywa. Akanywa tena, kwa kelele, hadi masharubu yakachuruzika. Akajipangusa, akashusha pumzi ndefu.

"Haya sasa," akasema, "ndiyo maji."